Gari Lililotunzwa Mno

Zamani, Jumapili ibada ikiisha, Hanna alikuwa hana haja ya kupika. Walipanda gari yeye, mume wake Lesian na binti yao Naserian. Walitoka nyumbani kwao Sakina wakapita mjini mpaka Maji ya Chai, kisha wakakata kushoto kuupanda mlima. Huko juu mama yake, Bibi Evaresta, aliwasubiri na loshoro ya moto, chakula cha mahindi na maziwa mgando, na maneno ya wiki nzima.

Gari lao ni la haibridi. Linatumia petroli na umeme. Walilinunua likiwa limeshatumika. Bibi Evaresta alilipenda, akalifumia vitambaa vyeupe vya viti. Cha nyuma kilikuwa kipana, kikafunika kiti mpaka ubavuni.

Siku moja wakipanda mlima, taa nyekundu iliwaka. Kijana wa gereji alitazama tu, akasema, "Betri hiyo inakwisha. Mpya ni bei ya ng'ombe, tena si mmoja."

Lesian ni Mwarusha, ng'ombe anawajua.

"Tutalitunza," alisema. "Lisipotembea, betri haitachoka."

Akalifunika turubai uani. Nyumba nyingi kwetu zina sahani za wageni zinazotunzwa kabatini mpaka zinasahau wali. Gari la Lesian likawa sahani ya wageni.

Miezi ikapita. Hanna alimkumbuka sana mama yake. Mara moja alikwenda peke yake kwa bodaboda, akarudi na huzuni zaidi. Mama alitaka kushuka naye, lakini daladala hazifiki huko juu, na magoti yake hayawezi pikipiki.

Jioni moja mama alipiga simu.

"Mwanangu, gari langu halijambo?"

"Halijambo, mama."

"Basi mtanifuata lini? Mjukuu wangu anapata kipaimara Jumapili hii. Nataka nimwone kwa macho yangu, si kwa simu."

Hanna alikata simu, akalia mbele ya sufuria ya makande. Lesian alimwona.

"Mama Naserian, nyamaza. Kesho tunamleta. Betri ikifa na ife."

Akatoka uani, akavuta turubai, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Hata taa moja haikuwaka.

"Nimeitunza hivi na bado imekufa!" alisema, akashika kichwa.

Hanna hakungoja. Alikwenda kumwita jirani yao Sabina, fundi umeme wa magari. Sabina alikuja na sanduku lake la vifaa.

"Shemeji, imekufa betri ipi?" aliuliza.

"Kwani ziko ngapi?"

"Mbili. Kuna ndogo, kama ya gari lolote. Ndiyo inayoliamsha gari. Gari likilala muda mrefu, inaisha. Hii ndogo ndiyo iliyokufa, na hii mnaimudu."

"Na ile kubwa?"

"Iko nyuma ya kiti cha nyuma. Nayo haipendi kulala. Inatunzwa kwa kutembea. Kutunza si kuficha, shemeji."

Sabina alikwenda kuleta betri ndogo mpya, akaifunga. Gari likaamka. Akachomeka kifaa cha kupimia, akasoma, kisha akatazama kiti cha nyuma.

"Kitambaa kizuri. Nani kafuma?"

"Mama," alisema Hanna.

Sabina alikifunua taratibu. Ubavuni mwa kiti palikuwa na matundu madogo yaliyojaa vumbi na nyuzi nyeupe.

"Hapa feni inavuta hewa ya kuipoza betri kubwa," alisema. "Mkipaziba, betri inapata joto, na joto ndilo linaloila. Mkipanda mlima ndiyo kabisa."

Alisafisha matundu na feni. Lesian alitaka kumsaidia.

"Acha! Nyaya hizi za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Huku anaingia fundi aliyesomea tu."

"Kwa hiyo hatununui betri?" Lesian aliuliza.

"Leo hapana. Imechoka, haijafa. Nyingi hufika miaka minane au kumi, nyingine zaidi, lakini yenu mliikuta na umri wake. Siku yake itafika, kwa hiyo anzeni kuweka akiba sasa. Na mtu akiwaambia imekufa, apime kwanza. Hata anayenunua gari kama hili, apime betri kabla hajalipa."

Kesho yake walipanda mlima. Taa nyekundu haikuwaka. Bibi Evaresta alikuwa mlangoni na fimbo yake, ameshavaa. Hanna alimkumbatia, asitake kumwachia.

"Nimekukumbuka, mama."

"Mimi je? Nilidhani nitakufa nikisubiri honi." Kisha akachungulia ndani ya gari. "Kitambaa changu cha nyuma kiko wapi?"

Hanna akasema, "Mama, kilikuwa kimeziba pua ya gari."

"Pua? Na hamkuniambia lina pua?"

Jumapili, Naserian alipopiga magoti madhabahuni, alimsikia bibi yake akikohoa benchi la mbele. Hakuhitaji kugeuka.

Siku hizi turubai linafunika kuni. Kila Jumapili gari linapanda mlimani, na kila mwezi Lesian anaweka akiba ya betri. Kiti cha nyuma kina kitambaa kipya. Ubavuni Bibi Evaresta ameacha tundu, akalizungushia uzi wa bluu.