Daftari la Makosa la Daktari

Siku za likizo, Chiriku alifuatana na mama yake kazini kila asubuhi. Mama alikuwa mfanya usafi wa zahanati. Kazi ya Chiriku ilikuwa kumsaidia kufuta madirisha, na aliyafuta huku akiongea bila kupumua. Ndiyo maana jina lake la shuleni lilikuwa limesahauliwa na watu wote isipokuwa mwalimu.

Siku moja alikuwa na mengi zaidi ya kusema. Kesho yake, kabla ya kliniki ya watoto wachanga, yeye ndiye angewasomea kina mama habari za daktari aliyeianzisha kliniki hiyo. Daktari huyo, aliyefariki zamani, alikuwa binti wa mfagiaji. Alijifunza kusoma kwa maboksi matupu ya dawa ambayo mama yake aliyafagia humo humo zahanati. Akasoma, akasoma, hadi akarudi na koti jeupe, mtu wa kwanza wa mji ule kuitwa daktari.

"Mtoto wa mfagiaji, kama mimi!" Chiriku aliyaambia hata madirisha.

Alitaka sare yake inyooke kama karatasi mpya. Akachukua pasi ya mashuka, akaingia chumba cha chanjo. Ukutani palikuwa na soketi moja tu, ya friji. Juu yake paliandikwa kwa wino mwekundu: USICHOMOE. "Dakika mbili tu," Chiriku alijiambia, akachomoa.

Sketi ilipokuwa tayari, mama akaita, "Chiriku, ndoo imejaa! Njoo tusaidiane!" Akachomoa pasi, akakimbia, na kazi ikafuata kazi.

Aliporudi kurudisha pasi ilikuwa saa nane mchana. Friji ilikuwa kimya na waya wake uko sakafuni. Alichomeka waya upesi, na friji ikaanza kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemwona. Jioni muuguzi alipokuja kusoma kipimajoto cha friji, ubaridi ulikuwa umerudi.

Njiani kurudi nyumbani, mama alimtazama. "Leo chiriku wangu amemeza mchanga? Kimya hiki kina mshindo."

"Nimechoka tu, mama."

Asubuhi, mabenchi yalijaa kina mama na watoto wao. Muuguzi mkuu, mwanamke mtu mzima, alisimama mlangoni pa chumba cha chanjo. Watu walimwita Bi Saa, kwa kuwa hakuandika jambo lolote bila kuweka saa. Alimkabidhi Chiriku daftari kuukuu lenye jalada lililopauka.

"Ukimaliza habari za daktari, wasomee ukurasa wa kwanza. Hili ndilo daftari alilotuachia."

Chiriku alisimulia vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha akafungua daftari, akasoma:

"Saa nne na nusu asubuhi. Leo nimempa mtoto dawa ya mwenzake. Niliona aibu kumwuliza mama yake jina mara ya pili. Nimewafuata mbio hadi kwao, nikakiri. Mtoto anaendelea vizuri. Aibu haijaniua. Kunyamaza kwangu kungemwua..."

Akainua macho. Benchi la mbele, mama mmoja alikuwa amekwisha kufunua paja nono la mwanawe. Ndani ya chumba cha chanjo, mlango ukiwa wazi, Bi Saa alikuwa ameshika mpini wa friji.

"Bi Saa, usifungue!" Chiriku alilia. "Jana nilichomoa waya. Nilikuwa nanyoosha sketi."

Mama yake alijishika kichwa. Bi Saa hakupaza sauti. "Ulichomoa saa ngapi, mwanangu? Ulirudisha saa ngapi?"

"Saa tatu. Nilirudisha saa nane."

"Yaani tumeamka alfajiri kwa ajili ya sketi?" mwanamke mmoja alifoka.

"Shangazi, bora kungoja," akajibu mama wa benchi la mbele, akimfunika mwanawe. "Au ulitaka wako achomwe maji matupu?"

Bi Saa alivitenga vichupa vyote, akapiga simu bohari kuu ya dawa. Ilipofika saa saba, pikipiki ilileta sanduku la baridi lenye chanjo nyingine. Mtoto wa benchi la mbele alichomwa sindano, akapiga yowe lililojaza jengo zima. Chiriku hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Watu walipoondoka, Bi Saa alimketisha mezani.

"Chanjo iliyopata joto huenda isimkinge mtoto, na mama yake angeenda nyumbani akiamini amekingwa. Umekosa, mwanangu, na madirisha yote ya likizo hii ni yako peke yako. Lakini usidhani daktari wetu alikuwa mkubwa kwa sababu hakukosea. Tazama, daftari limejaa! Alikuwa mkubwa kwa sababu kosa lake alilisema mapema, wakati bado linarekebishika. Sisi sote hapa tumeandika humu baada yake."

Akampa kalamu. Chiriku aliandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, kisha akasukuma daftari mbele.

Bi Saa alisoma, akavua miwani, akatabasamu.

"Umesahau kuweka saa."