Unga Hauna Mikono

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Chiriku hukimbilia karakana iliyo nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na babu yake kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Aproni ya Babu bado inaning'inia msumarini, na harufu kali ya resini, ule ute mzito unaogandishwa kuwa beseni, ni harufu ya Babu mwenyewe. Wageni huziba pua. Chiriku husimama kidogo mlangoni, akamkumbuka, ndipo avae barakoa na glavu.

Babu alikuwa fundi wa mabeseni ya kunawia. Alipofariki, mama yake Chiriku aliirithi kazi pamoja na kalibu ya kumiminia aliyoichonga Babu kwa mikono yake. Ukingoni Babu alikuwa amechonga kinundu chenye umbo la gumba lake, basi kila beseni lililotoka humo lilikuwa na kibonyeo kidogo cha gumba lake. Kalibu nyingine kama hiyo haikuwapo.

Jumamosi moja mama alisema, "Leo hesabu ya dawa ya kugandisha ni yako, mwanangu. Sehemu mbili kwa kila mia ya resini. Ikipungua, beseni litabaki linanata. Ikizidi, litachemka lipasuke pamoja na kalibu."

Chiriku alivimba kichwa. Alipandisha ndoo ya resini kwenye mizani, akatoa uzito wa ndoo tupu, akapiga hesabu chapuchapu na kupima dawa. Mama akaimimina ndooni, akaanza kukoroga.

"Fundi huyo!" mama alisema akicheka. "Laiti babu yako angekuona!"

Chiriku alitabasamu chini ya barakoa. Mara macho yake yakaangukia mfuko mtupu wa unga wa chaki kando ya mizani. Unga ule mama alikuwa ameshauchanganya ndooni kabla yeye hajapima! Akakumbuka maneno ya Babu: "Resini ina mikono, Chiriku. Dawa huiamsha ishikane. Unga hauna mikono, umekuja kujaza nafasi tu, kama wewe wakati wa kufagia." Walicheka siku ile mpaka machozi.

Sasa alikuwa amepima dawa ya wenye mikono na wasio nayo, kwa hiyo ilikuwa imezidi. Sifa za mama bado zilikuwa tamu masikioni, na kuzitema kulimwia vigumu. Mama akainua ndoo juu ya kalibu.

"Mama, usimimine! Nimekosea. Nimehesabu na unga!"

Mama hakuuliza mara mbili. Alitoka na ndoo mbio, akaiweka mchangani mbali na nyumba. Haikupita muda ikaanza kufuka moshi, kisha resini ikalia "ka!" na kupasuka.

"Nimeharibu ndoo nzima," Chiriku alisema huku akilia.

"Resini tutapata nyingine. Kalibu ya baba yangu ningeipata wapi?" Mama alimvuta karibu. "Mimi nami nilikosa, sikukukagua. Haraka haraka haina baraka, hilo unalijua. La leo ni hili: kosa likisemwa mapema bado lina dawa. Ungenyamaza kulinda sifa, tungempoteza Babu mara ya pili."

Walianza upya, wakapima resini peke yake kabla ya kutia unga. Jioni beseni lilitoka jeupe, limekamilika. Chiriku akatia gumba lake katika kibonyeo cha Babu.

"Gumba langu linapwaya, Mama."

"Litajaa tu, mwanangu. Leo limeanza."