Zana Ambayo Chiriku Hakuijaribu

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alifagia chumba cha mbele, akapangusa vumbi mezani kwa shangazi yake, kisha akavuta kiti karibu na dirisha. Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta. Alitunza Msaidizi, programu yenye akili mnemba iliyojibu ujumbe wa simu kwa niaba ya kliniki ya macho ya mtaani.

Msaidizi alifanya kazi kwa kutumia zana, yaani programu ndogondogo: moja ya kupanga miadi, nyingine ya kuwakumbusha wagonjwa, nyingine ya kuahirisha. Kila zana ilihitaji maelezo mafupi. Msaidizi aliyasoma kwanza, ndipo akaamua atumie ipi.

"Ukimwandikia kwamba chumvi ni sukari, ataitia kwenye chai," shangazi alimwambia Chiriku. "Kwa hiyo jaribu kila zana kwa wagonjwa hawa wa kubuni. Ona imefanya nini, ndipo uandike."

"Wagonjwa wa kubuni hawaumwi, eti shangazi?"

"Hawaumwi, wala hawana maswali mengi kama wewe. Haya, kazi!"

Chiriku aliipenda kazi hiyo. Alijaribu, akaandika, akafuta, akaandika tena. Alipofikia zana ya mwisho, wenzake walikuwa nje wakimwita akaruke kamba. Akatazama jina la zana hiyo: Ahirisha. Hii si iko wazi? Akaandika haraka, "Huahirisha miadi ya mgonjwa na kumjulisha."

"Umezijaribu zote?" shangazi aliuliza, simu ikiwa sikioni.

"Zote, shangazi!" Akatoka mbio.

Wiki iliyofuata alitumwa kwa mama fundi, mshonaji wa mtaa, kuchukua sare yake. Mama fundi alikuwa na mtoto wa jicho, na siku hizi alishona kwa kupapasa.

"Kesho daktari bingwa anakuja kunipasua," alisema kwa furaha. "Nikipona nitakutazama vizuri, nijue kama una sura au ni mdomo mtupu."

Chiriku akacheka. Simu ya mama fundi ikalia kwenye rundo la vitambaa.

"Nisomee, mwanangu."

Chiriku akasoma kwa sauti, kwa fahari, maana ujumbe ulitoka kwa Msaidizi wao: "Miadi yako ya kesho imeahirishwa. Tafadhali usije kliniki. Utajulishwa siku nyingine."

Mama fundi aliikunja sare polepole, akainyoosha, akaikunja tena. "Basi," alisema. "Tutangoja."

Kesho yake mchana, muuguzi wa kliniki aliingia kwa shangazi akihema. "Jamani, mbona mmewafukuza wagonjwa? Daktari amekaa peke yake tangu asubuhi!"

Shangazi alifungua kompyuta, akafuatilia. Mgonjwa mmoja alikuwa ameomba kuahirisha kwa sababu ya safari. Msaidizi akasoma maelezo, akatumia zana ya kuahirisha. Kumbe zana hiyo ilitengenezwa kwa siku ambayo daktari hayupo: iliahirisha miadi ya watu wote.

"Hizi mashine bwana!" muuguzi alilalamika. "Hazina akili hata kidogo."

Chiriku angeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata pa kukaa. Lakini akilini alimwona tena mama fundi akikunja ile sare.

"Si Msaidizi," alisema. "Ni mimi. Zana hiyo sikuijaribu. Nilikudanganya, shangazi."

Shangazi hakufoka. Alimtazama tu, na Chiriku akatamani afadhali angefoka. Kisha wakaanza kuwapigia wagonjwa simu, mmoja baada ya mwingine. Baadhi walifika wakakaguliwa. Chiriku alimkimbilia mama fundi, akamshika mkono hadi kliniki, lakini daktari alikuwa akifunga mkoba wake.

"Upasuaji unahitaji muda, mama, na jioni hii nasubiriwa mji mwingine," alisema kwa upole. "Safari ijayo utakuwa wa kwanza."

Safari ijayo ilikuwa baada ya miezi kadhaa. Walirudi taratibu, mkono wa mama fundi ukiwa begani kwa Chiriku.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ila jicho halijui kusamehe. Litazidi kufifia tu."

Jioni hiyo Chiriku aliijaribu zana kwa wagonjwa wawili wa kubuni. Aliomba miadi ya mmoja iahirishwe. Miadi ya wote wawili ikaahirishwa. Haikuchukua hata dakika tano, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akaandika maelezo upya: "Huahirisha miadi ya wagonjwa wote wa siku hiyo. Itumike tu daktari asipokuwepo. Kwa mgonjwa mmoja, tumia zana ya kupanga miadi."

Shangazi aliyasoma, akaijaribu zana mwenyewe, kisha akayahifadhi.

"Na mimi nimekosea," alisema. "Nilikuuliza bila kukagua. Lakini sikiliza, mwanangu. Anayesoma ulichoandika hakuoni uso. Hajui wapi uliona na wapi ulikisia, anakuamini tu. Ukikisia, gharama anailipa mtu mwingine, tena asiyejua lolote. Andika ulichokithibitisha. Na kama hukukithibitisha, sema mapema, wakati ukweli wako bado unaweza kumsaidia mtu."