Kadi Namba Ishirini na Saba

Kila asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia na kabla wanafunzi hawajajipanga dirishani, mwandishi wa Kitabu cha Heshima alikuwa na dakika kumi zake mwenyewe. Alifuta meza kwa kitambaa kikavu. Aliosha ncha ya kalamu kwenye bilauri ya maji, akafungua chupa ya wino aliyoachiwa na mzee aliyemtangulia kazini, akachovya, akaandika herufi moja kwenye karatasi chakavu. Kisha alikaa kimya kuitazama ikikauka. Rangi ile haikuwa nyeusi wala zambarau. Ilikuwa ya ganda la biringani lililoanza kunywea, na yeye aliipenda kama mtu anavyompenda ndugu asiyesema sana.

Asubuhi hiyo alichovya kalamu, ikatoka kavu.

Aliinamisha chupa. Kwenye kona lilibaki tone moja zito, la kutosha jina moja, labda mawili. Majina yaliyokuwa yakisubiri kabla ya mahafali yalikuwa mia moja na arobaini.

Tangu chuo kile cha wauguzi kifunguliwe, kila aliyehitimu aliandikwa kwa mkono kwenye kitabu kimoja kikubwa, kwa wino wa rangi moja. Kiwanda kilichoutengeneza kilikuwa kimeuacha zamani. Msajili, mama mnene aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, alikuja akaitazama chupa, akatikisa kichwa.

"Ukikosa wino tutachapa kwenye kompyuta, tubandike stika. Yaishe."

"Stika, Mama?"

"Stika. Kwani zitamuuma nani?"

Mwandishi, dada kijana, alichukua kizibo cha chupa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, hata wanafunzi walilazimika kuinama dirishani ili wamsikie. Ila upole wake haukuwa wa kukubali kila kitu. Alifunga chupa, akaitia kwenye mkoba, na saa ya chakula ilipofika akashuka mjini na gauni lake la samawati na viatu bapa vya kutembelea mbali.

Maduka manne ya vifaa vya ofisi yalimwonyesha kalamu za kawaida, bluu na nyeusi, basi. Kwenye duka la tano, lililojaa wazazi wanaonunua madaftari, alifungua chupa ili muuzaji aione rangi vizuri. Hapo hapo mtu akasukumwa na umati, akamgonga kiwiko. Tone lile la mwisho liliruka, likatua kwenye shati jeupe la mtu huyo, juu kidogo ya mfuko.

Kijana mwenyewe, mrefu, mwenye vidole vyenye madoa ya rangi kumi, alitoa leso.

"Usifute," alisema mwandishi.

Leso ikasimama hewani. "Nisifute?"

"Tafadhali. Hiyo ndiyo yote iliyobaki."

Kijana alilitazama shati, akaitazama chupa tupu, akamtazama msichana. "Dada, unataka nikuachie shati?"

"Nataka niione ikikauka."

Mwingine angeondoka. Yeye alisogea mlangoni penye mwanga, akatulia kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, huku watu wakimpita na mafurushi yao.

"Nigeuke?"

"Kidogo kulia."

"Watu wananitazama mimi."

"Wanatazama wino," alisema, na akashangaa kwamba amefanya mzaha na mtu asiyemjua.

Kijana alicheka. Alikuwa fundi wa kalamu za wino. Kibanda alimofanyia kazi kilikuwa ghorofani, jengo hilo hilo, ubavuni mwa fundi saa, na mwenye kibanda alikuwa shangazi yake. "Nina makasha mawili ya chupa za zamani. Rangi ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza, nyingine hata lebo zimeng'oka. Njoo tuzijaribu moja moja. Rangi yako ikiwa humo, tutaikamata."

Wakaanza hivyo. Fundi alichukua chupa, akaandaa kadi nyeupe: namba kwenye kona, ukanda wa rangi juu, na chini sentensi moja yoyote, kwa sababu huwezi kujua wino unavyotembea mpaka uandike maneno. Saa ya chakula mwandishi alipita kuchukua kadi. Jioni, akishafika nyumbani na kuvua viatu, alimpigia fundi kumpa alama juu ya kumi.

Mwanzoni sentensi zilihusu paka. *Paka wa jirani ameiba samaki wangu tena. Paka wa jirani amerudi, anadai ndizi. Paka wa jirani leo kanitazama kama vile mimi ndiye mwizi.*

"Namba tisa?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Tatu. Ni rangi ya chai iliyosahauliwa dirishani."

"Na namba kumi?"

"Kijani cha chura mgonjwa. Mbili."

"Mwandishi, una roho ngumu."

"Nina macho mazuri."

"Hilo nimeliona siku ya kwanza," alisema fundi, na mmoja wao akakohoa bila kuwa na kikohozi.

Kulikuwa na wekundu wa kutu, bluu ya mshipa wa mkono, na njano moja isiyosomeka mchana wala jioni. Kulikuwa na waridi yenye chembe za dhahabu, ambayo shangazi aliiomba aandikie orodha ya sokoni. Shangazi alivaa vitenge vya maua makubwa na hakupitwa na kitu. "Mwanangu," alimwambia mwandishi, "hizi chupa zikiisha mtajifanya mnatafuta nini?"

Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Msajili alishaleta stika za mfano na kuzipanga mezani. Mwandishi akaacha kucheka na paka, akaanza kupima kama mzee wake alivyomfundisha: kadi huigeuza juu chini, ili maneno yasiuvute moyo, jicho libaki na rangi peke yake. Kuanzia kadi ya kumi na nane hakusoma tena hata neno. Na kwa aibu yake, hakumwambia fundi.

Siku ya kadi ya ishirini na saba, fundi hakuiacha kwa shangazi. Aliileta mwenyewe mpaka getini mwa chuo, amevaa lile shati lenye doa, limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Aliikabidhi kadi kwa mikono miwili.

"Chupa hii haikuwa na lebo. Haijawahi hata kufunguliwa," alisema. "Iangalie kwa utulivu, Mwandishi."

"Nitaiangalia."

Akaondoka haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Mwandishi akarudi mezani, akaigeuza kadi juu chini. Kijivu kilichopauka, kama maji ya kuoshea ufagio. Alisikitika, maana kutokana na pasi ile ya shati alidhani fundi ameupata wino wenyewe.

Jioni alipiga simu kama kawaida.

"Umepiga simu," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ndiyo. Si ndiyo saa yetu?"

"Haya. Sema basi."

"Nne."

"Nne?"

"Juu ya kumi. Nisikudanganye. Imepauka, haina nguvu. Nilitarajia zaidi."

Alimsikia fundi akivuta pumzi. Nyuma yake mlango ulifungwa.

"Sawa," alisema fundi. "Asante kwa kusema ukweli."

Kadi ya ishirini na nane aliachiwa kwa shangazi. Ilikuwa na namba na ukanda wa rangi, basi. Hapakuwa na sentensi. Ya ishirini na tisa vivyo hivyo. Simu ya jioni iliita mpaka ikachoka. Alipompata mara moja, fundi alisema ana kazi nyingi, akamwita "Dada", yeye aliyekuwa akimwita Mwandishi kwa namna iliyolifanya neno lile la kazi liwe jina la mapenzi.

Mwandishi alikaa kitandani ameshika simu, akajiuliza amekosea wapi. Labda kuna mwingine. Labda fundi alichoka kuhangaika na majina ya wauguzi asiowajua. Zamani angeachia hapo. Aliwahi kuacha mengi kwa sababu ya kuogopa kuuliza. Safari hii alivaa viatu, akapanda ghorofani.

"Ametoka," alisema shangazi, hakumkaribisha kiti. "Mwanangu, mimi nilidhani wewe ni mpole."

"Nimefanya nini, Shangazi?"

"Mimi simo. Mambo yenu mliyaandika, mkapeana na alama kabisa."

Mwandishi aliyageuza maneno hayo njia nzima na hakuyaelewa.

Zilibaki siku tisa. "Jumatatu tunaanza kubandika," alisema msajili.

"Jumatatu bado, Mama," alijibu mwandishi, na kwa mara ya kwanza msajili hakulazimika kuinama ili amsikie.

Alifunga mlango wa ofisi, akakifungua kile kitabu kikubwa sakafuni, chini ya dirisha, akapanga kadi zote kukizunguka. Kama rangi haikuwa ndani ya chupa moja, angeitafuta ndani ya mbili, hata tatu. Angechanganya matone mpaka vidole viote madoa. Alipiga magoti, akaanza kupitia kadi moja moja.

Mkono wake ulisimama juu ya kadi moja ambayo hakuikumbuka. Ilikuwa ya ganda la biringani lililoanza kunywea.

Aliisogeza kwenye ukurasa. Rangi ya kadi na rangi ya majina zikakaa pamoja, hukujua ipi imeanzia wapi. Akatafuta namba kwenye kona. Ishirini na saba.

Ile ile aliyoipa nne. Alielewa pale pale, akajipiga paji la uso. Chupa aliyoachiwa na mzee ilikuwa imefunguliwa na kufungwa miaka mingi; wino ulishakutana na hewa, ukaiva humo humo. Chupa ya fundi haikuwahi kufunguliwa. Wino wake ulizaliwa umepauka, ukahitaji siku kadhaa juu ya karatasi ndipo uwe wenyewe. Na yeye aliuhukumu siku ya kwanza.

Kadi ilikuwa bado juu chini mkononi. Akaigeuza, na kwa mara ya kwanza akaisoma.

*Nimechoka kukuandikia habari za paka. Nataka nikuoe. Usinijibu kwa simu, Mwandishi. Njoo uniambie kwa mdomo wako.*

Msajili alifungua mlango. "Vipi, umepata?"

"Nimepata, Mama."

"Sasa mbona unalia?"

"Nimempa nne."

"Umempa nani nne?"

Lakini mwandishi alikuwa ameshashika mkoba.

Kibandani kulikuwa na wateja wanne: mwalimu mstaafu na kalamu inayovuja, mama na binti yake, na karani aliyesubiri risiti. Shangazi alikuwa akifungasha. Fundi ameinamia ncha ya kalamu na kioo cha kukuzia jichoni. Mwandishi alipita kati ya wateja, ngazi zimemkatisha pumzi, akaiweka kadi mbele yake.

"Hii ndiyo rangi," alisema. "Iliiva. Chupa bado ipo?"

Likawa kosa lake la pili. Fundi alitoa kioo jichoni. Akainama chini ya meza, akatoa chupa isiyo na lebo, imejaa mpaka shingoni.

"Chukua," alisema taratibu. "Itayatosha majina yako mia moja na arobaini. Nafurahi umeipata."

"Sikuja kwa ajili ya chupa."

"Umeiulizia, Dada."

"Niliigeuza juu chini."

"Nini?"

"Kadi. Huwa nazigeuza nikipima, nisiyasome maneno. Tangu ya kumi na nane. Nne ile niliipa rangi. Sikusoma, Fundi. Nimesoma leo, sasa hivi, nikiwa nimepiga magoti sakafuni."

Shangazi aliacha kufungasha. Mwalimu mstaafu akasogea karibu, hakutaka hata kujificha.

"Kumi na nane?" fundi aliuliza. "Kwa hiyo hukusoma hata ile ya paka kuzaa watoto watano kwenye viatu vyangu?"

"Sikusoma."

"Ilikuwa nzuri sana ile."

"Nitaisoma leo."

Mdomo wa fundi ulitaka kucheka, ukajizuia. Macho yake yalibaki kwenye kadi, kwenye mstari wa mwisho. Mwandishi alihisi wateja mgongoni mwake. Mkono wake, kwa mazoea, ulikimbilia kalamu iliyokuwa mezani na kadi tupu iliyokuwa pembeni. Kwa wino angeweza. Kwa wino hakuwahi kushindwa.

Shangazi alivuta rundo la kadi akalikalia. "Hapana, mwanangu. Karatasi zenu zimetuchosha."

Mwandishi aliirudisha kalamu mezani. Aliisogeza chupa pembeni, ili isiwe kati yao. Akavuta pumzi, na sauti yake, ile ambayo watu waliinama dirishani kuitafuta, ikatoka nzima, ikamfikia hata fundi saa wa kibanda cha pili, ambaye aliinua kichwa.

"Nataka unioe. Nilitaka tangu siku ile uliposimama mlangoni, watu wanakupita, unasubiri doa langu likauke. Na habari za paka usiache kuniandikia. Kuanzia leo nitazisoma zote."