Mkate wa Posa ya Zenaida

"Mama, nakuomba, msiupokee!"

"Zenaida, vikapu viko mlangoni na wazee wamesimama juani. Nikawaambie nini?"

"Waambie nina mtu."

"Huyo mtu ana mshenga? Kila sikukuu unaniambia atakuja, sijasikia hodi yake hata siku moja. Uko wapi wewe?"

"Kanisani."

Kanisani wapi! Zenaida alikuwa juu kabisa ya kilima cha Monte Albán, nchini Mexico, amekaa kwenye ngazi za magofu, simu sikioni, begi miguuni, mji wa Oaxaca umetandaa kule bondeni. Mpenzi wake Librado ndiye aliyepachagua. Jumapili wenyeji huingia bure, na nani atamshangaa binti mwenye begi katikati ya watalii? Wakutane hapo, washuke, wapande basi la Puebla wakafunge ndoa huko, kabla Odilón aliyerudi kutoka Marekani hajaleta mkate wake wa posa.

Odilón akawahi. Na kijijini kwao mkate wa posa ukishapokewa hugawiwa ndugu na majirani siku hiyohiyo, na kila anayeula amekuwa shahidi.

Ujumbe ukaingia: "Tumeupokea. Baba yako amelia kwa furaha. Shangazi Eufrosina ameshaanza kugawa. Rudi nyumbani, mwanangu."

Zenaida hakurudi. Mapenzi bwana! Alikaa pale jua likimchoma, akijipa moyo kwamba Librado akifika tu, mambo yatanyooka.

Librado alifika mchana, anatweta. Mkononi ana kifurushi cha kitambaa, begi hana.

"Mizigo yako iko wapi?"

"Kula kwanza, Zena. Hujatia kitu tumboni tangu asubuhi."

Akafungua kitambaa. Mkate mtamu, mnono, na ua la sukari juu yake.

"Umeupata wapi?"

"Nyumbani."

"Nani kauleta?"

Librado akatazama viatu vyake. "Shangazi yako."

"Ukala?"

"Mama alinikatia. Watu walikuwa wananitazama."

"Ulijua ni wa nani?"

"Nilijua."

Moyo ukampasuka Zenaida, lakini bado alimpenda, mjinga wa watu. Akamshika mkono.

"Tonge moja si pingu, Librado. Basi bado lipo. Twende."

"Mama kaupokea kwa mikono miwili. Baba yuko kwenye baraza la kijiji. Nikikutorosha leo nimekula mkate wa mtu na mke wa mtu. Hatutakanyaga tena kwetu, hata kwenda kuzika."

"Jana ulisema bora tufie Puebla."

"Jana sikuwa nimekula."

Pembeni yao mtembeza wageni alikuwa akionyesha watu waliochongwa kwenye mawe. "Zamani walidhaniwa wanacheza ngoma," alisema, "kumbe ni mateka waliouawa." Watalii wakapiga picha.

"Sema twende," Zenaida akamwambia. "Neno moja tu, mengine niachie mimi."

"Zena..."

"Siyo hilo."

Akangoja. Librado akamsogezea mkate tu. Hapo Zenaida akajua kwamba hata angekaa juu ya kilima hicho mpaka azeeke, neno lile lisingetoka. Akachukua mkate, akaumega, akala. Akausukuma kwa mate na machozi mpaka ukaisha.

"Zena, unafanya nini?"

"Nakula posa yangu. Haya niambie, aliyekula mkate huenda harusini na nini?"

"Usinifanyie hivyo."

"Na nini, Librado?"

"Bata mzinga."

"Basi lete mnene."

Akainua begi lake. Librado akanyoosha mkono. "Nikubebee?"

"Leo ndiyo unataka kubeba?"

Akashuka peke yake. Machozi yalimzuia kuona ngazi, akawa anazipapasa kwa miguu.

Siku ya harusi Librado alikuja kweli, nyuma ya mama yake, bata mzinga kifuani, amefungwa miguu. Bata huyo alikuwa mnene kuliko wote walioletwa siku hiyo. Tarumbeta zikalia, Odilón akamkaribisha kwa kicheko.

Zenaida alimpokea bata kwa mikono miwili.

"Asante, kaka," akasema. "Ingia ndani ule."