Karatasi ya Altrasaundi Niliyoichoma

Nina miaka hamsini na tisa, mjane wa huku Sosiot. Majirani hunipa pole kwa sababu mwanangu Kibet hanisemeshi. Hawajui kwamba mwenye makosa ni mimi!

Kibet alimwoa Chelangat, msichana wa Chebunyo. Mchapakazi huyo! Kibet akiwa kazini Nakuru, Chelangat alichuna majani chai, akakamua ng'ombe, akanipikia. Mimi nilikaa tu.

Siku moja aliteleza shambani, mguu ukapinda. Goti likavimba... Nikampeleka hospitali, akapigwa eksrei. Daktari aliniambia mifupa ni mizima, lakini eksrei haionyeshi gegedu, ule mto laini ulio katikati ya mifupa. Akanipa karatasi, tumrudishe Alhamisi apigwe altrasaundi.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuchuna. Nani angechuna? Nilimwambia Chelangat kwamba daktari amepiga simu, hakuna haja tena. Uongo mtupu! Karatasi niliiwashia moto jikoni.

Kila alipolalamika, nilitoa picha ya eksrei. Hata mbele ya akina mama wa kanisa niliiinua juu. "Oneni wenyewe, mifupa safi! Huu ni ugonjwa wa uvivu." Wakacheka... Chelangat akainamisha kichwa.

Mwaka mzima goti lilimkwamia, mara asiweze kulinyoosha kabisa. Kibet akiuliza kwa simu, nilisema mkewe anajifanya. Naye akaniamini, si mimi ndiye mamake?

Mvua zilipoanza, goti lilikwama akiwa kwenye mteremko na kikapu kimejaa mgongoni. Akabingirika hadi mtaroni. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto hakuokoka...

Kibet alikuja, akatupeleka kwa daktari yule yule. Chelangat alipakwa jeli baridi gotini, kifaa kikapitishwa juu yake huku akikunja mguu polepole, machozi yakimtoka. Kwenye kioo daktari akatuonyesha gegedu lililochanika, kipande kimechomoza pembeni, maji yamejaa.

"Hii ni ya zamani," alisema. "Mbona hamkurudi ile Alhamisi?"

"Si mlimpigia Mama simu, mkasema hakuna haja?" Chelangat akauliza.

"Hapa hatukumpigia mtu simu."

Kibet akanigeukia. "Mama?"

 

Chelangat alipasuliwa goti, lakini gegedu lilikuwa limelika sana. Ana miaka ishirini na sita na anatembelea mkongojo! Kibet alimhamishia Nakuru.

Akina mama wenzangu, mke wa mwanao akisema anaumwa, mwamini. Picha moja ikikosa kuonyesha ugonjwa, haimaanishi ugonjwa haupo. Na neno la daktari mfikishie mgonjwa jinsi lilivyo, nawasihi!

Nimeomba msamaha mara tatu. Mara ya mwisho Chelangat mwenyewe alishika simu.

"Nimekusamehe, Mama," alisema. "Lakini kwako sirudi."