Jino Lisilonasa

Jumatatu, saa nne asubuhi, jino la keekee ya kutobolea mwamba lilivunjika kwenye kisima cha maji Msimbati, na kipande chake kikamtoboa jicho Mikaeli, mchimbaji. Kufikia Jumatano, Samweli, mtu wa tanuru katika karakana ya Chuno ilikotengenezwa keekee hiyo, alikuwa mahabusu. Ilisemekana alizima moto kabla ya wakati.

Polisi walimwomba Mwalimu Irene, anayefundisha metali chuoni, alitazame jino. Alifika karakanani saa nane mchana, jua limeulegeza mji mzima, upepo wa bahari ukija na kupotea. Alijihisi kama mtu aliyeamshwa nusu. Hakulichukia hilo, akili yake ilikuwa na tabia ya kuona vizuri ikiwa hivyo.

"Usijichoshe, Mwalimu," alisema Innocent, msimamizi. "Moto haukukaa saa nzima. Jino halikuiva."

Irene aliinamia hadubini. Jino lisiloiva huwa na vitundu kama mkate. Lililopitiliza moto huota punje kubwakubwa. Hili halikuwa na kitundu hata kimoja. Punje zake ndogo zilimeta, zimelaliana kwa utulivu, naye akazitazama mpaka karibu asahau alikuja kufanya nini.

"Limeiva vizuri," alisema mwishowe. "Samweli hana kosa."

"Basi ni Glory. Yeye ndiye anayechanganya unga wa metali."

Glory alishtuka, machozi yakamlenga. "Dada, nilichota kwenye kopo la kobalti, lile lile la siku zote. Na nilipima mara mbili!"

Irene alimwamini. "Jino likitoka tanuruni, mnafanya nini?"

"Tunalisogeza kwenye sumaku ile ya mlangoni. Kobalti ndiyo inayoshikamanisha unga, kwa hiyo lazima linase. Kaka Innocent analipima, anaandika."

Daftari lilisema: Ijumaa, saa kumi jioni, limenasa. Sahihi ya Innocent.

Irene alilinyanyua jino lililovunjika hadi kwenye sumaku, akaliachia. Likamwangukia kiganjani. Akarudia. Likaanguka tena.

"Hii ni nikeli," alisema taratibu. "Peke yake hunasa, ila ikiiva pamoja na unga huu sumaku haiishiki tena. Ile ya vipete vya pampu za maji ya chumvi. Kutu haiiwezi, lakini kwa mwamba mgumu haifai. Ufunguo wa stoo yake anao nani?"

Glory alimtazama Innocent shingoni, ulikoning'inia.

Innocent alikaa chini. "Kopo la kobalti nililiacha wazi wiki ile ya mvua. Unga ukaharibika. Kazi ingesimama mwezi mzima, na mimi ndiye ninayewafokea wenzangu kila siku kwa uzembe. Ningeuficha wapi uso wangu? Nikajaza nikeli kopo lile lile."

"Na sumaku?"

"Sikuisogelea hata. Niliandika tu."

Irene alimwonea huruma, kisha akalikumbuka jicho la Mikaeli, huruma ikamwisha.

Irene aliwapigia simu polisi, na saa kumi na moja wakamleta Samweli. Alisimama mbele ya Innocent, macho mazito kwa kukosa usingizi.

"Uliniletea chai mahabusu," alisema. "Ukaniambia, kumbuka vizuri, Samweli, ulizima saa ngapi. Jana nikaanza kukumbuka, Innocent. Nilijiona kabisa nazima mapema."